Kumfuata Shangazi Tatu Ng'ambo ya Mto Mara

Tangu nirudi, kila nikiingia chumba cha walimu kuna anayeniuliza habari za safari yangu ya Mara, na kengele inalia kabla sijafika hata Musoma. Mmoja wenu anajua habari ya kuku, mwingine anajua habari ya mto, na wote mnadhani nilienda kufundisha. Sikwenda kufundisha, ingawa nilifundisha. Basi nimeamua kuyaandika yote mara moja, mpokezane daftari hili, na mkimaliza mnirudishie.

Nauli na vibali sitavieleza, maana kila mtu anavijua na havina utamu.

Kabla ya kuondoka

Baba yangu mnamfahamu. Ni Mzee Juma, khalifa, yaani kiongozi, wa duara la dhikri ya Kadiria pale mtaani kwetu Tabora, aliyekuwa akisikika Alhamisi kwa Alhamisi hadi ng'ambo ya reli. Mwezi wa pili alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, na maneno yakampotea kabisa. Akitaka maji anasema "bwa, bwa," kisha anakasirika mwenyewe.

Lakini aliweza kuimba. Daktari alisema imewahi kuonekana. Sisi hatukuwa tumewahi kuiona, na siku ya kwanza alipofungua kinywa akaimba kasida nzima bila kukosea neno, mama alidondosha sinia.

Kasida aliyoipenda ni ile ya kufungia duara, aliyoirithi kwa bibi yangu, ambaye naye alikuwa mwimbaji. Nimeisikia tangu nikiwa mgongoni. Inaanza hivi:

*Nani yuko mlangoni, abisha pasi sauti?*

Zamani baba aliimba mistari yake ikifuatana bila pengo. Baada ya ugonjwa akawa anaimba mmoja, ananyamaza, anapiga mkeka polepole kwa mkono wa kushoto, kisha anaingia mstari unaofuata. Mistari yote saba akaifanya hivyo. Mimi nilidhani anasahau. Mama akasema, "Hasahau. Anamngoja dada yake."

Hapo ndipo nilipojua kwamba kasida ile ni ya sauti mbili. Mmoja anauliza, mwingine anajibu. Baba alikuwa akiuliza, na shangazi yangu Tatu akijibu, tangu wakiwa watoto mbele ya mama yao. Baba alipopewa ukhalifa, baadhi ya wanaume walinung'unika kwamba sauti ya mwanamke isikae ndani ya duara. Baba alikuwa kijana na alitaka kuwaridhisha. Akamwambia dada yake akae nyuma ya ukuta. Mwaka ule ule shangazi akaolewa na fundi cherehani, akaenda naye Kewanja, huko Tarime, kwenye machimbo ya dhahabu. Hakurudi tena. Majibu yake hayakuandikwa mahali popote, na mama aliyewahi kuyasikia alikumbuka moja tu:

*Ni mja wako, Manani, asiyejua wakati.*

"Nenda ukamlete wifi yangu," mama akaniambia, "kabla hatujazika mtu anayengoja."

Likizo ilikuwa imefika. Nikaenda.

Musoma hadi Tarime

Treni na meli nazipita. Musoma nilipata basi la asubuhi, tukafika kwenye kivuko cha Kirumi, cha kuvukia mto Mara, kabla ya saa tatu. Kivuko kilikuwa ng'ambo, na kikakaa ng'ambo hadi saa nane. Hakuna aliyejua sababu. Wengine walisema mafuta, wengine walisema nahodha ana msiba.

Abiria hawakulalamika. Wanawake walikaa kwenye majani wakafungua vikapu, na mmoja akanipa samaki wa kukaanga na kiazi kabla hata ya kuniuliza jina. Alipoliuliza, nikamwambia ni Zaina, natoka Tabora.

"Umeolewa huku?"

"Hapana. Namfuata shangazi."

"Shangazi amekutafutia mume?"

Nikasema sivyo, naenda kumwomba aje kuimba. Akawageukia wenzake akaeleza kwa Kikurya, wakanitazama wote kwa huruma. Baadaye nilijua alichowaambia: nimetoroka ndoa na sitaki kukiri. Mpaka tunafika Tarime akina mama wale walikuwa wakinipa moyo, "Vumilia, dada, wote tunapigwa na maisha," nami nikiitikia asante bila kujua kwa nini naambiwa hivyo.

Tarime ilinishangaza kwa baridi na kwa kijani chake. Sokoni mikungu mikubwa ya ndizi, na watu wa Sirari, mpakani, wanaobadilisha Kiswahili katikati ya sentensi kuwa Kiingereza cha Kenya. Niliuliza msikiti, nikaonyeshwa nyumba ndogo ya bati. Imamu, mzee wa Kinubi, alinipokea vizuri na mkewe akanipa kitanda. Nikamwuliza kama anamjua Tatu binti Saidi wa Kewanja.

"Yule mke wa fundi? Fundi nilimzika mimi mwenyewe, miaka mingi sasa. Mkewe alikataa kuja mjini. Kama yuko hai, hakuna ajuaye hapa."

Tarime hadi Kewanja

Nilipanda gari la mizigo lililobeba magunia ya chumvi. Barabara inashuka, inapanda, na kila mlima ukiuvuka unaona nchi nyingine kabisa. Huku juu migomba na kahawa, kule chini majani makavu, ng'ombe, na mawe makubwa yaliyopangana kama yamewekwa na mtu. Dereva aliniuliza mara tatu kama nina uhakika naenda Kewanja, maana wanaokwenda huko ni watu wa dhahabu.

Machimbo ya Wazungu yalikuwa yamefungwa. Yamebaki mashimo, chuma chenye kutu, na watu wachache wanaoosha mchanga kwenye karai. Niliuliza nyumba ya fundi cherehani. Nikapelekwa kwenye ua wa minyaa, mzima, mrefu, umepandwa duara. Ndani hapakuwa na nyumba. Palikuwa na majivu, kinu kilichopasuka, na maboga yaliyojiotea.

Operesheni ya vijiji ilikuwa imepita. Waliokuwa wakikaa mbalimbali walikusanywa kwenye mistari ya nyumba kando ya barabara. Nilisimama katikati ya ua ule nikajiona mjinga, mtu aliyesafiri siku sita kuja kutazama maboga.

Mwanamke aliyekuja kuchuma majani ya maboga ndiye aliyenikuta. Jina lake Bhoke, mama mnene mwenye rozari shingoni. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia namtafuta nani. Akatua kapu.

"Wewe ni mtu wa Tatu? Tatu ana watu?"

Alinichukua kwake, nyumba ya tano kwenye mstari mpya. Akanipa uji wa mtama wenye ukwaju, na akanisimulia hadi jua likageuka. Fundi alipokufa, shangazi hakuwa na mtoto. Ndugu wa marehemu walikuwa mbali. Kulikuwa na binti mdogo wa jirani aliyefiwa na mama, anaitwa Gati, shangazi akamchukua akamlea. Gati akaja kuolewa ng'ambo ya mto, Machochwe, na operesheni ilipomhamisha mama yake wa kumlea kutoka ua wake, naye anazeeka, akaja na mumewe Marwa wakambeba na vitu vyake vyote.

"Na alikuwa anaimba?" nikauliza.

Bhoke akacheka. "Anaimba! Kila Ijumaa. Sisi tulikuwa tunaogopa. Anaimba kidogo, ananyamaza. Anatulia hivi, kama anamsikiliza mtu. Halafu anaimba tena. Mume wangu alisema anaongea na fundi wake kaburini. Mimi nikamwuliza mwenyewe. Akasema, 'Siongei na wafu, Bhoke. Namwachia mtu nafasi yake.'"

Nikaweka bakuli chini, nikamwuliza njia ya Machochwe. 

Kuvuka Mto Mara

Bhoke alinipa shemeji yake, Mwita, aliyekuwa anakwenda upande wa Machochwe kuangalia ng'ombe wa ukoo. Ni mwanaume mrefu, mpole, mwenye fimbo tatu, na hasemi mpaka aulizwe. Tulitembea muda wa saa tatu hadi mtoni. Nilikuwa nimeuwazia mto mdogo huku juu, kwa kuwa ni kiangazi. Ni mpana, una rangi ya chai ya maziwa, na hauna kelele.

"Mamba wapo?" nikamwuliza.

"Wapo."

"Tunavukaje?"

"Tunangoja ng'ombe."

Tukangoja ng'ombe. Walikuja karibu saa sita, kundi la mtu mwingine, na watu waliokuwa wamejificha kivulini wakainuka wote, tukawa kumi na tatu. Ng'ombe wakaingia kwanza kwa vurugu, wachungaji wakipiga maji kwa fimbo na kupiga mayowe, na sisi tukaingia nyuma yao, tumeshikana mikono. Maji yalinifika kiunoni. Mzigo wangu nilikuwa nimeubeba kichwani, na midomo yangu ilikuwa inasoma kila aya niliyowahi kufundishwa chuoni. Mwita akasikia.

"Soma kwa sauti," akasema. "Na sisi tusikie."

Nikasoma kwa sauti. Upande wa pili mama mmoja aliyevuka mbele yetu, mwenye msalaba wa mbao, akanishika mkono akasema, "Amina," kisha akakamua sketi yake akaenda zake.

Jioni ile tulifikia kwa mzee mmoja wa ukoo wa Mwita, na hapo ndipo ilipotokea habari ya kuku. Mzee alifurahi mno kupata mgeni wa Tabora. Alikuwa amewahi kupita Tabora akiwa askari. Akaamuru jogoo akamatwe. Nikamnong'oneza Mwita kwamba mimi ni Mwislamu, nyama lazima ichinjwe na Mwislamu. Mwita akamweleza. Mzee akafikiri.

"Mwislamu hapa ni nani?"

"Ni huyu mgeni peke yake."

"Basi achinje yeye."

"Baba, ni mwanamke."

Mzee akamtazama jogoo, akanitazama mimi, akaitazama nyumba yake. "Mwanamke achinje uani kwangu? Haiwezekani. Na mgeni alale bila nyama? Nayo haiwezekani." Walijadili kwa Kikurya muda mrefu. Mimi sijawahi kuchinja hata njiwa, na nilikuwa naomba kimya wasikubali. Mwishowe jogoo akafunguliwa, na mimi nikaletewa ugali wa mtama na kibuyu cha maziwa ya mgando mazito yenye harufu ya moshi. Sijawahi kula maziwa matamu kama yale. Mzee hakuwa na raha. Asubuhi, tunaaga, alinipa yule jogoo mzima mzima, amefungwa miguu. "Ukifika penye mwanaume wenu," akasema, "mle."

Machochwe

Machochwe ni mahali ambapo mashamba yanakwisha ghafla na nyika inaanza. Watu walinionyesha mbuga ya wanyama kwa kidole kama mtu anavyoonyesha shamba la jirani asiyeelewana naye. Wamelima mtama, na usiku wanaulinda dhidi ya tembo.

Nyumba ya Gati na Marwa haikuwepo. Hapa tena walikuwa wamehamishwa, safari hii kwenda kijiji kipya karibu na mto Manchira, upande wa Mugumu. Nilikaa chini kwenye kizingiti cha ofisi ya kijiji, nikiwa na jogoo mapajani, nikataka kulia. Mwita alisimama pembeni akichora ardhi kwa fimbo. Alikuwa amefika alikokuwa akienda na hakutaka kuniacha.

Katibu akatoka. Kijana nadhifu, kalamu mbili mfukoni. Akaniuliza kazi yangu, nikajibu bila kufikiri: "Mwalimu."

Uso wake ukang'aa. "Mwalimu! Tumekungoja tangu mwezi wa nne!"

Nikamweleza kwamba mimi si huyo. Nikamweleza habari ya baba, ya shangazi, ya kasida. Alisikiliza kwa adabu yote, akasema, "Ndiyo, ndiyo, mwalimu, najua safari ni ndefu," akaingia ndani akatoka na boksi la chaki. Kumbe Manchira kulikuwa na darasa la watu wazima lililosajiliwa bila mwalimu, na yeye alikuwa ameagizwa amsafirishe mwalimu akipita. Lori lilikuwa linaondoka mchana na mbao. Mimi nilitaka kwenda Manchira, yeye alitaka mwalimu aende Manchira. Nikaona nikiendelea kubishana nitabaki Machochwe.

Nikampa Mwita yule jogoo. Alikataa mara mbili, kama inavyopasa, akapokea mara ya tatu.

Kwa lori hadi Manchira

Mbao hazikaliki. Lori liliharibika mara moja tu, karibu na Mugumu, na wakati fundi akiwa chini yake niliuliza kila mtu kuhusu kijiji kipya. Walisema maji yapo, shule inajengwa, na watu bado hawajazoeana kwa sababu wametoka kila mahali: Wakurya, Waikoma, Wanata, hata Wajaluo wachache. "Na yupo Mnyamwezi mmoja," akasema mpakiaji, "bibi kizee. Huyo hajui hata Kikurya vizuri, lakini anagombeza watu kwa hicho hicho."

Tulipofika, watu walikuwa wamekusanyika. Katibu wa pale, mtu wa makamo mwenye suti ya kaunda iliyofuliwa hadi ikapauka, alinishika mkono kwa mikono yote miwili. Nikamwuliza Gati yuko wapi. Akasema Gati yuko shambani, atarudi jioni, ila darasa liko tayari, na tangu asubuhi liko tayari. Nikatazama ndani ya banda. Watu wazima kama thelathini wameketi kwenye magogo, wamenawa miguu, wamevaa nguo za kanisani. Ningefanyaje? Niliingia.

Nilianza na majina. Nikamwita kila mmoja kwa daftari la katibu, aje ubaoni ajaribu kuandika chochote, hata alama. Wengine waliandika msalaba. Baba mmoja alichora ng'ombe, vizuri sana. Kwenye daftari, mstari wa mwisho haukuwa na jina. Umeandikwa, "Bibi Mnyamwezi. Hajui kusoma."

Akainuka mwanamke mwembamba, mweusi tii, mtandio kichwani. Alitembea wima. Alichukua chaki, akaenda kwenye ubao, mwisho kabisa wa upande wa kulia. Watu wakaanza kucheka.

"Bibi, anzia huku!" katibu akasema.

Hakugeuka. Akaandika kutoka kulia kwenda kushoto, herufi za Kiarabu, nzuri, zilizonyooka kama zimepigiwa rula. Darasa likaendelea kucheka, wakidhani amechora minyoo. Mimi nilisoma chuoni miaka sita. Niliyasoma maneno yale, kisha nikayasoma kwa sauti:

"Tatu binti Saidi."

Chaki ilimdondoka. Akanigeukia taratibu, akanitazama usoni, kwenye paji, kwenye pua. Watu wote wanasema nina pua ya baba.

"Wewe ni wa Juma," akasema.

"Shikamoo shangazi."

 Alikuja akanipapasa uso kwa kiganja chenye vumbi la chaki. Nyuma yangu katibu alikuwa ameshika kalamu juu ya daftari lake, amechanganyikiwa kweli. "Mwalimu," akaniuliza polepole, "sasa huyu nimwandike anajua au hajui?"

Siku tatu

Msidhani alikubali kuja. Alinikumbatia, alinilisha, alinionyesha kila mtu kama mtu anavyoonyesha kitambaa kipya, lakini nilipomwambia nimetumwa kumchukua, alikataa kwa neno moja.

"Aliniambia nikae nyuma ya ukuta," akasema. "Nimekaa. Miaka yote ukuta wenyewe ulikuwa mto Mara."

Gati, mwanawe wa kumlea, alikuwa mwanamke mwenye nguvu na mtoto mgongoni. Hakufurahi kuniona, na hakuficha. Tukiwa mtoni tunachota maji aliniambia, "Mama huyu amehamishwa mara mbili. Kila mara wanakuja watu na barua, wanasema atakwenda mahali pazuri zaidi. Na wewe umekuja na barua?"

"Sina barua."

"Umekuja na nini?"

 Nilikuwa nimefika na habari ya ugonjwa, na nilikuwa nadhani habari ya ugonjwa inatosha.

Asubuhi nikafundisha, kwa sababu walikuja, na kwa sababu yule baba wa ng'ombe alikuwa ameshajifunza kuandika "Marwa" na hakutaka niondoke. Kumbe huyo ndiye mume wa Gati. Mchana nilikaa na shangazi akipepeta mtama. Nilimwuliza kila kitu. Bibi alifundishaje? Walipumua wapi? Ni kweli kwamba alimpiga baba kwa bakora akikosea pumzi? Hayo aliyajibu, tena kwa kicheko. Lakini nilipomwomba aimbe jibu moja tu, alifunga mdomo. "Si lako," akasema. "Na wala si langu peke yangu."

Siku ya tatu, alasiri, aliniuliza kana kwamba hajali, "Anaimba mpaka wapi?"

"Anaimba yote. Ila anasimama kila baada ya mstari."

"Anasimama kwa kusahau?"

"Mama anasema hapana."

"Mama yako alikuwa akisikilizia jikoni." Akatua ungo. "Anasimama kiasi gani?"

Nikamwambia sijui, kitambo. Akasema kitambo si kipimo. Basi nikafunga macho, nikaimba mstari wa kwanza kama baba, *Nani yuko mlangoni, abisha pasi sauti*, kisha nikapiga ardhi kwa mkono wa kushoto, polepole, kama nilivyomwona akipiga mkeka wiki nyingi. Nilipofika mahali anapoingia tena, nikaimba mstari wa pili, nikafungua macho.

Shangazi alikuwa ameinua vidole. Midomo yake ilikuwa imecheza muda wote ule bila sauti.

"Rudia."

Nikarudia.

"Ni jibu langu," akasema. "Kamili. Mpaka ile pumzi ya mwisho anaiacha." Akazoa punje za mtama zilizomwagika, moja moja. "Mimi nilikuwa nadhani ni mimi peke yangu."

 Jioni, Gati aliporudi, alimkuta anakunja kanga zake. Gati akalia kwa hasira. Shangazi akamshika mabega. "Sihami," akamwambia. "Hawa hawanihamishi. Hii naenda kwa miguu yangu, na nitarudi kwa miguu yangu, na shamba langu la karanga mtu asiliguse." Gati akanigeukia akanitaka niape. Nikaapa mbele ya katibu, naye kwa mazoea akaandika.

Tabora

Tulirudi kupitia Musoma, njia fupi, bila kuvuka ule mto. Shangazi hakuwa amepanda meli maisha yake yote ila mara moja, akiwa bibi harusi. Alisimama nje muda mrefu akiuliza majina ya visiwa, na hakuna aliyeyajua yote, akakasirika kwamba watu wanasafiri bila kujua wanapita wapi.

Tulifika nyumbani mchana. Watu wa duara walikuwa wamepata habari, wamejaa uani, wakiwemo wazee wawili ambao, nasikia, walikuwa miongoni mwa walionung'unika siku zile. Mimi nilikuwa nimewaza namna itakavyokuwa: baba ataimba, shangazi atajibu, tutalia. Njia nzima nilikuwa nimewaza hivyo.

Shangazi aliingia, akavua viatu, akamwamkia mama, akanawa. Kisha akaenda kwenye mkeka wa baba, akaketi mbele yake, goti kwa goti. Baba alimwona. Mdomo ukaanza kutetemeka, "bwa, bwa," mkono mzima ukimtafuta. Alitaka kusema neno, na sote tulijua ni neno gani, na halikutoka. Alijaribu hadi jasho likamtoka. Mmoja wa wazee akainama chini.

"Nyamaza, Juma," shangazi akasema. "Utaumia."

Alivuta pumzi, na aliyeanza kuimba ni yeye. Hakuimba sehemu yake. Aliimba ya baba. *Nani yuko mlangoni, abisha pasi sauti?* Sauti yake ilikuwa kavu, ya chini, isiyotikisika. Kisha akanyamaza, akaweka kiganja kwenye mkeka, akamngoja.

 Nilimtazama baba. Alimtazama dada yake kama mtu aliyekabidhiwa mzigo wa mwenzake. Kisha akafungua mdomo, akajibu.

*Ni mja wako, Manani, asiyejua wakati.*

Alijibu la pili. Akajibu la tatu. Majibu yote saba aliyajua, neno kwa neno, pumzi kwa pumzi, na ilikuwa mara ya kwanza sisi watoto wake kuyasikia yakitoka kinywani mwake. Alikuwa nayo miaka yote hiyo. Hakuwahi kuyaimba kwa sababu hayakuwa yake.

Walipomaliza, wanaume wa duara walisogea bila kuambiwa, wakaacha nafasi upande wa kulia wa baba. Shangazi aliitazama. "Sitaki ya kulia," akasema. "Ananisikia vizuri zaidi upande wa kushoto." Wakasogea tena.